Fagio la Sedekia

"Sijaja kugombana, Bertha. Nimekuja kuuliza kitu kimoja, unijibu, niondoke. Mdogo wangu amemkosea nini mumeo?"

"Mama Blessing, hata chai sijaweka."

"Na yeye hajala tangu jana. Kwa hiyo tumelingana, kwangu njaa na kwako njaa."

Prisca, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Blessing, alikuwa amesimama katikati ya ua, kanga mbili juu ya sweta, soksi za mwanaume ndani ya kandambili. Baridi ya Iyunga, Mbeya, mwezi wa saba haina adabu, lakini yeye hakutetemeka. Hasira ilimtosha. Bertha alikuwa amechuchumaa barazani kwake, anazungushia sahani magazeti na kuzipanga kwenye ndoo. Hakuinua uso.

"Sedekia ni mtu mzima," alisema. "Ana neno, aje aseme mwenyewe."

"Mtu mzima ukimwaibisha mbele za watu anaumia vilevile. Tena zaidi. Mtoto angelia yakaisha."

"Nani kamwaibisha? Wametoa kitu chake kwenye kompyuta, basi. Kitu chenyewe hata kwa macho hukioni."

"Kama hakionekani, kilikuwa kinawabana nini?"

Bertha alichukua sahani nyingine. Wapangaji wa nyumba ya nyuma, waliokuwa wanapiga mswaki kwenye bomba, walipunguza mkono ili wasikie vizuri.

"Na mtandao mnaotumia humo ndani ni wangu," Prisca aliendelea, sasa akiwasemesha na wale wa bomba. "Nimeuzima. Ruta iko kabatini, ufunguo uko hapa kifuani. Mwambie Anyelwisye atafute minara yake."

"Zima, ni wako."

"Nimeshazima, sijaja kuomba ruhusa." Aligeuka, akapiga hatua mbili, akarudi. "Halafu hizo sahani unazifungia safari ya wapi? Iringa? Si mngesubiri mzee wa ile kazi aje kwanza aseme hataki, ndipo mfunge mizigo? Mnajitabiria wenyewe."

Mlango wake ukafungwa. Ndipo Bertha alipoinua uso, na macho yalikuwa mekundu.

Jambo lenyewe, ukimweleza mtu wa mbali, linachekesha. Anyelwisye, mume wa Bertha, anaandika programu za kompyuta. Anaziandikia kwenye kihariri, yaani programu ya kuandikia programu nyingine. Kihariri kikiwa kipya ni kama chumba kisicho na samani, kuta na taa tu. Unachotaka kiongezeke unakiweka mwenyewe, na kinachowekwa huitwa kiendelezi. Kimoja kinatia maneno rangi, kingine kinakuonya ukikosea, kingine kinapanga mistari kila unaposevu.

Sasa sebule ya Anyelwisye haijawahi kukaa bila watu. Vijana wanaojifunza kazi hiyo, wa Iyunga na wengine hadi wa Mwanjelwa, hujazana pale kwa sababu kompyuta yake ina nguvu, na kwa sababu chai ya Bertha haina masharti. Kila aliyekalia kile kiti, akipewa mashine aandike kidogo, aliweka kiendelezi alichokizoea. Akaondoka, kiendelezi kikabaki. Na Anyelwisye hakuwahi kutoa hata kimoja. Kwao Tukuyu mgeni akisahau mwamvuli wake kwako hauutupi nje. Unautundika, hata ukikaa mwaka, mpaka mwenyewe aje auulizie. Basi na viendelezi vya watu alivitundika vivyo hivyo. Vingine alishasahau viliwekwa na nani na vinafanya nini, lakini kumtolea mtu kitu chake bila kumwambia aliona soni.

Kimojawapo hakikutengenezwa na watu wa mbali kama vingine. Sedekia, mdogo wake Prisca, alikitengeneza mwenyewe kwa miezi mingi, akakiita Fagio, akakipandisha mtandaoni watu wakichukue. Kazi yake ilikuwa kufuta nafasi tupu na vipande vya majaribio ambavyo mwandishi amevisahau. Alipokimaliza alinunulia sebule nzima soda. Prisca hakuelewa kitu, lakini alipita nyumba hadi nyumba akisema mdogo wake ametoa kitu na sasa kiko kwenye kompyuta za watu.

Wiki hii mambo yakaharibika. Anyelwisye alikuwa anamalizia kazi ya chama kimoja cha wakulima wa mpunga cha Ubaruku. Gunia linawekwa juu ya mizani ya umeme, uzito unaingia wenyewe kwenye kompyuta, na mkulima anauona palepale kwenye kioo kabla mtu yeyote hajashika kalamu. Msimu uliopita watu walikunjana mashati ghalani kwa sababu ya uzito. Ndiyo maana mwenyekiti wao, mzee Nkuba, alitaka kitu hicho. Jumamosi angekuja kukiona.

Na Bertha alishasema neno lake. Jumapili lori la mjomba wake lililoleta mbao Mbeya lingerudi Iringa tupu. Kama Nkuba angekataa, vyombo vingepanda lori hilo, na wao wangekwenda Kilolo kwa baba yake, mzee Ambrosi, ambaye alishasafisha chumba na kutenga shamba la viazi. Bertha hakuona ubaya kurudi kwao. Anyelwisye, kila alipofikiria kuamka asubuhi nyumbani kwa baba mkwe, akasalimie, apewe jembe, ale akiwa ameinamisha kichwa, alirudi kwenye kompyuta.

Ndani ya programu yake kulikuwa na mstari mmoja unaoiita mizani. Bila mstari huo hakuna uzito. Na mstari huo ulianza kupotea. Anauandika, anasevu, akirudi kuutazama haupo. Anaurudisha. Anasevu. Haupo.

Jana ndipo Liberatus, fundi simu wa Mwanjelwa ambaye hukaa kwenye mkono wa kochi hata kama kochi ni tupu, alipouliza kwa sauti ya kuchokoza, "Kwani Fagio si limo humo? Fagio kazi yake si kufagia?"

Sebule ikacheka. Sedekia alisema Fagio haligusi mstari wa namna ile. Alisema mara ya pili, polepole. Anyelwisye hakumtazama. Alikuwa amechoka na Nkuba alikuwa anakuja kesho yake. Akafungua orodha, akashuka mpaka kwenye Fagio, akaling'oa. Kuna aliyepiga makofi.

Sedekia akainuka. Akachomoa waya unaounganisha mizani na kompyuta, maana waya ulikuwa wake, akauzungusha kwenye kiganja taratibu kama mtu anayefunga bandeji, akatoka bila kuaga.

Asubuhi hii Anyelwisye aliwasha kompyuta, akaandika ule mstari, akasevu, akautazama.

Haukuwepo.

*

Nkuba alifika mapema kuliko alivyoahidi. Aliacha pikapu kando ya barabara kuu, akaingia uani amevaa koti refu la baridi na kofia ya sufu iliyofunika masikio, akabisha hodi mara moja tu. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Shinyanga kwenda bonde la Usangu yeye akiwa mgongoni. Sasa ana mashamba na mashine ya kukoboa, lakini bado akikaa hukaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyeacha mifugo nje.

"Karibu mzee, karibu sana," Bertha alisema, akiisogeza ile ndoo ya sahani nyuma ya pazia kwa mguu.

"Nimekaribia, mama. Naona mnahama?"

"Hapana mzee, napunguza vyombo."

Liberatus alikuwepo, na Esta, binti wa chuo anayekuja wikiendi. Walijibana kwenye kona. Anyelwisye alifungua kompyuta. Mizani ilikuwa chini, juu yake kuna debe la mahindi.

"Sasa nionyeshe," Nkuba alisema. "Mahindi yale ni mzigo. Uzito naonea wapi?"

"Unatokea hapa, mzee. Kwenye kidirisha hiki."

"Hapa?"

"Hapo."

"Hapa mimi naona peupe."

"Kuna hitilafu ndogo. Leo asubuhi..."

"Na ile mizani naona haina waya."

Anyelwisye alisogeza kipanya. "Waya uko kwa jirani, mzee."

"Kwa jirani." Nkuba alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Hakuonekana kukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kijana, mimi nina watu wengi kule. Msimu uliopita mmoja alitaka kumkata mwenzake panga kwa ajili ya gunia. Nikienda kuwaambia uzito hauonekani kwa kuwa waya uko kwa jirani, watanifukuza mimi na wewe."

Liberatus alitazama dari.

"Naenda Mwanjelwa kuchukua mkanda wa mashine," Nkuba alisema akiinuka. "Nikirudi nitapiga honi barabarani. Kama iko tayari, nitashuka. Kama haiko, usinishushe. Unipungie mkono tu, niende zangu. Sitakuwa na kinyongo."

Alimwachia Bertha kifurushi cha mchele alichokuja nacho, mchele wa Ubaruku, kwa kuwa hawezi kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Bertha aliupokea kwa mikono miwili na hakujua aupeleke jikoni au aufunge pamoja na sahani.

*

"Tugawe nusu kwa nusu," Esta alisema.

"Nini?"

"Viendelezi. Tunazima nusu. Mstari ukibaki, mwizi yumo kwenye nusu iliyozimwa. Mstari ukipotea, yumo kwenye inayowaka. Halafu ile nusu yenye mwizi tunaigawa tena. Mwisho anabaki mmoja."

Kwa Esta ilikuwa njia ya kazi tu, aliyofundishwa darasani. Lakini habari ilishavuka ua. Waliokuwa bombani waliwapigia wenzao, na kabla Bertha hajainjika maji, sebule ilijaa. Kila mwenye kitu chake ndani ya mashine ile alikuja kukisimamia. Walikaa kwenye kochi, kwenye zulia, kwenye debe la mahindi walilolishusha mizanini. Mtu angepita nje angedhani kuna kikao cha mahari.

Anyelwisye alizima nusu ya kwanza. Akaandika mstari. Akasevu.

Ukapotea.

"Hivyo vilivyozimwa viko salama," Esta alisema. "Ni upande wa pili."

Waliokuwa upande uliozimwa wakanyoosha miguu. Mmoja akaomba sukari. Waliokuwa upande wa pili wakaanza kuongea wote kwa pamoja.

"Changu kinatia rangi tu jamani. Rangi inafutaje mstari?"

"Wewe si ndiye ulikitoa kwenye ile tovuti ya ajabu?"

"Ajabu yako. Wanatumia dunia nzima."

"Cha Liberatus kimo upande huo?"

"Kimo."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja nyumba ile, Liberatus alishuka kutoka kwenye mkono wa kochi akakaa sawasawa. Chake ndicho kinachopanga mistari, na sasa macho yote yalikuwa yanakumbuka nani alicheka jana.

"Gawa tu," alisema. "Mimi sina wasiwasi." Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu kama cherehani.

Wakazima nusu ya nusu. Mstari ukapotea. Wakageuza. Mstari ukapotea. Esta alikunja uso. Wakazima upande wote wa pili na kuuwasha ule wa kwanza walioutangaza salama. Mstari ukapotea.

"Haiwezekani," Esta alisema.

"Tuzime vyote vya watu," alisema Anyelwisye. "Vyote."

Akavizima. Kimoja kimoja, kwa majina, kama mtu anayesoma orodha ya waliofeli. Aliandika mstari, akasevu, na wote waliinama kuelekea kioo, mpaka waliokuwa nyuma wakawaegemea wa mbele.

Haukuwepo.

Bertha aliingia na sinia la vikombe. Alisimama nyuma ya mumewe, akatazama juu ya bega lake. Orodha karibu nzima ilikuwa kijivu, rangi ya vilivyozimwa.

"Ndiyo mmevizima vyote?" aliuliza.

"Vyote."

"Na hicho cha juu kabisa mbona kina rangi?"

Anyelwisye aliangalia. Kilikuwa na alama ya kijani. Kilikuwa cha kwanza kabisa, alikiweka siku aliyonunua mashine, kabla hajazoeana na yeyote kati ya waliokuwa mle ndani. Alikuwa hakioni tena, kama mtu asivyoona kucha zake.

"Hicho changu," alisema.

Esta alijishughulisha na kikombe. Liberatus alifungua mdomo, na ni heshima yake kwamba aliufunga.

Anyelwisye alikibonyeza. Pale chini paliandikwa kwamba Alhamisi kilijisasisha chenyewe, kupitia mtandao wa Prisca, wakati yeye anakunywa chai. Kwenye toleo hilo jipya waliokitengeneza, watu wa huko mbali wasiojua kama kuna Ubaruku duniani, walikuwa wameongeza jambo moja, kwamba mstari ambao kiendelezi hakioni kazi yake, kiufute. Wala hakikuomba ruhusa. Akakizima. Akaandika mstari. Akasevu.

Ukabaki.

Alisevu tena, na tena, na tena, kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango alioufunga mwenyewe. Ulikuwepo. Kidirisha cha uzito kikafunguka kwenye kioo, kikiwa na sifuri kubwa katikati.

Mtu nyuma alianza kupiga makofi, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

"Sasa waya," Esta alisema kwa sauti ndogo.

*

Kutoka mlango wa Anyelwisye hadi mlango wa Prisca ni upana wa ua tu, lakini siku hiyo ua ulikuwa na watu wanaoanua nguo zisizokauka. Anyelwisye alivuka mikono ikiwa mfukoni. Alibisha.

"Nani?"

"Ni mimi, dada Prisca."

"Mimi nani? Hapa Iyunga kila mtu ni mimi."

"Anyelwisye."

Mlango ulifunguka kidogo. Prisca alijaza ule upenyo wote. "Sedekia amelala."

"Mchana huu?"

"Kwetu wanaolala mchana wapo."

"Naomba kuongea naye. Au niongee na wewe."

"Kama ni waya, sema ni waya."

"Ni waya," Anyelwisye alisema. Kisha, kwa kuwa alimwona Blessing, mtoto wa Prisca, akimchungulia kati ya kanga za mama yake, akaona aibu kuishia hapo. "Na Fagio. Fagio halikufanya kitu. Kilichokuwa kinafuta ni kitu changu mwenyewe. Nimekitafuta kwa watu wote, kumbe niko nacho."

Ndani, kitanda kililia, kwa hiyo aliyelala hakuwa amelala.

"Rudia," Prisca alisema. "Rudia hiyo sehemu ya kitu chako. Kwa sauti. Kuna mama pale bombani ana tatizo la masikio."

Akarudia. Sauti ilifika bombani na kupita.

Sedekia alitokea nyuma ya dada yake, shuka mabegani, waya umezungushwa vilevile kama jana. Ni kijana mwembamba asiyejua kuweka mikono yake popote.

"Kaka, uliling'oa mbele za watu," alisema. "Ungenipigia simu ukaniambia nilitoe mwenyewe, ningelitoa. Mimi si mtu wa kung'ang'ania."

"Najua."

"Wakapiga makofi."

"Nilisikia. Na sikusema kitu."

"Basi lirudishe mbele ya hao hao. Sitaki maneno mengine. Lirudishe wakiona, nitaleta waya."

"Twende sasa hivi."

"Huwezi," Prisca alisema. "Mtandao nimeuzima."

Mbali, upande wa mjini, malori yalikuwa yanapanda mlima kwa kunung'unika. Anyelwisye alisikia honi moja, akashtuka. Haikuwa ya Nkuba.

"Ndaga, dada," alisema. Alilisema kwa Kinyakyusa, asante ya kutangulia, kama mtu anavyoomba akiwa nyumbani. "Uwashe. Nakuomba."

Prisca aliingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo, akautazama kana kwamba ndio kwanza anauona. "Nawasha kwa ajili ya mdogo wangu," alisema. "Wewe utakuwa unaiba tu humo humo kama kawaida."

*

Honi ya Nkuba ililia wakati Fagio linashuka kutoka mtandaoni. Kile kimstari cha kuonyesha limefika wapi kilikuwa nusu, kikasimama.

"Nenda kampokee," Bertha alisema.

"Halijaingia. Niliahidi liingie kwanza."

Honi ikalia mara ya pili. Esta alikuwa dirishani. "Hajashuka. Anaangalia huku."

"Kampungie basi asubiri," Liberatus alisema.

"Akipungiwa anaondoka. Ndivyo alivyosema."

Sedekia alikuwa amesimama mlangoni na waya wake, hajavuka kizingiti. Alimtazama Anyelwisye, akaitazama ile barabara, na mtu angeona kwamba angeweza kusema yaishe, leteni tu hiyo mizani nichomeke. Hakusema. Wala Anyelwisye hakumwomba aseme. Alikaa pale, kidole kwenye kipanya, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na sebule nzima ikakitazama kimstari kama watu wanaongoja mtungi ujae kwenye bomba la matone.

Bertha ndiye aliyetoka. Alikimbia na kanga moja, kandambili ikamtoka njiani akaiacha, akafika kwenye pikapu. Waliobaki waliona mdomo wake ukienda, mikono yake ikionyesha nyumbani. Baadaye aliulizwa alimwambia nini yule mzee. Alisema alimwambia ukweli, kwamba mume wake anaomba radhi kwa mtu na bado hajamaliza.

Nkuba alizima injini.

Alipoingia, kimstari kilikuwa kimefika mwisho na Fagio limekaa mahali pake kwenye orodha. Anyelwisye alisimama. Hakusubiri wageni wakae.

"Jana nilitoa kitu cha Sedekia nikasema ndicho kibovu," alisema. "Hakikuwa kibovu. Kibovu kilikuwa changu. Nimekirudisha hapo mnakiona."

"Jana mimi ndiye nilianza," Liberatus alisema akitazama zulia. Haikuwa radhi kamili, lakini kwa Liberatus ilikuwa mbali.

Nkuba aliwatazama mmoja mmoja kama anayekagua mbegu. "Kwa hiyo kosa ni lako wewe mwenye kazi," alimwambia Anyelwisye. "Kwenye mashine yako mwenyewe, hukulijua."

"Sikulijua, mzee."

"Na kesho likija lingine?"

Sedekia akaingia, akachuchumaa chini kwenye mizani, akawa anaongea huku anachomeka waya, bila kumtazama mtu. "Kwenye kazi ya mzee vizimwe vyote, kaka. Na Fagio pia. Kihariri kinakubali, unavizima kwa kazi hiyo moja, kwenye kazi nyingine vinaendelea. Na kile cha kujisasisha, kikatalie. Huna haja ya kumtoa mtu."

"Yaani sebuleni wanakaa, jikoni hawaingii," Bertha alisema kutoka mlangoni, mguu mmoja peku.

"Ndiyo hivyo, shemeji."

"Sasa hilo lilihitaji mtu alale na njaa?"

Sedekia alitabasamu kidogo. Waya ulikuwa umeingia. Esta aliinua debe la mahindi kulirudisha juu ya mizani, lakini Nkuba alimsimamisha kwa mkono. Alivua koti, akavua viatu, akapanda mwenyewe. Alisimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kwenye kioo sifuri ikatetemeka, ikapanda, ikasita, ikatulia kwenye namba.

Nkuba alishuka. Akapanda tena. Namba ileile. Akamwita Liberatus apande, akacheka alipoona fundi simu ni mzito kuliko anavyojidai. Kisha akaacha kucheka, akakitazama kile kidirisha kwa muda mrefu, na watu wakajua sasa anamwona yule wa panga.

"Mkulima atauona kabla ya karani?"

"Wote kwa pamoja, mzee. Kioo kinaelekea kwake."

"Njooni Ubaruku wiki ijayo, magunia yameanza kuingia," alisema akivaa viatu. "Wewe na huyu mwenye waya. Msije tena mkaniambia mmoja yuko kwa jirani. Tutajaribu kwa ghala moja. Ikigoma, nitawarudisha na mizani yenu kichwani."

Haikuwa ndiyo kubwa. Ilikuwa ndiyo ya ghala moja. Lakini Anyelwisye alikaa chini ghafla kama mtu aliyekatwa kamba, na Bertha alitoka kwenda jikoni, akampigia mjomba wake simu, akamwambia lori liende tu, yeye atamsalimia baba kwa simu. Kisha akaupima mchele wa Nkuba kwa macho, akauosha wote.

*

Wali ulipoiva, na maharage, na maparachichi yaliyokatwa kwa kisu kikubwa, tatizo lilikuwa sahani. Bertha aliivuta ile ndoo kutoka nyuma ya pazia, akakaa chini kizingitini, akaanza kuzifungua magazeti. Esta alizipokea na kuzifuta. Ndani walikuwa wanabishana tayari, Liberatus anamwambia Nkuba kwamba mpunga wa Kyela unanukia kuliko wa Ubaruku, na Nkuba anamuuliza pua hiyo aliinunua wapi.

Ng'ambo ya ua Prisca alikuwa anaanua shuka ambayo ilikuwa mbichi kabisa. Aliitundika tena, akaibana, akaibanua. Blessing alishavuka zamani. Sauti yake ilikuwa sebuleni, anataka kupimwa.

"Mama Blessing," Bertha aliita.

"Nani ananiita?"

"Chakula kinapoa."

"Kuleni tu. Mimi nimeshakula."

"Umekula nini, na jiko lako tangu asubuhi halijatoa moshi?"

Prisca alikunja mdomo. Alilitazama jiko lake, likamsaliti. Wale wa bomba walikuwa wamerudi na ndoo zao, na hawakuwa na haraka.

"Sahani zenyewe si ziko safarini Iringa?" alisema.

Bertha alivuta ya mwisho kutoka chini ya ndoo, akachana gazeti, akaipangusa kwa upindo wa kanga yake.

"Imerudi," alisema, akajisogeza kizingitini nafasi ya mtu kupita. "Ingia ule."